Shemeji Yunus na Risasi za Vyeo

Shemeji yangu Yunus ana ugonjwa mmoja tu, na haukuanzia mtoni. Anapima watu. Ukikutana naye njiani pale Kabondo, mtaani kwetu, atatazama viatu vyako kwanza, halafu saa ya mkono, halafu atachungulia nyuma yako aone kama umeshuka kwenye gari au kwenye baiskeli. Hapo ndipo anapojua utapewa mkono mmoja au miwili. Mimi, dada mkubwa wa mke wake, napewa miwili, lakini ni kwa sababu ananiogopa.

Siku ya ndoa yake na mdogo wangu Khadija, bwana harusi aliondoka kwenye mkeka wake akaenda kusimamia nyama. Niliona kwa macho yangu. Paja la mbuzi akampelekea mwenye malori mmoja ambaye hata hatukumwalika. Alikuwa amesimama tu nje akingoja tairi lake lizibwe. Mjomba wetu Lukumani, aliyetutafutia sote waume na kutufunza adabu, aliyekuja kwa miguu tangu asubuhi, akapewa shingo. Mjomba aliitazama ile shingo, akaifunika kwa wali, akaomba maji ya kunawa. Mama akaniambia kwa sauti ndogo: "Huyu atakaa na wakubwa mpaka njaa imuue." Mama hakuingia darasani hata siku moja, na sijawahi kumkuta amekosea juu ya mwanaume.

Baadaye Yunus alipata kazi ya kubeba mizigo kule Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Kazi ya shingo, haidai akili nyingi, lakini hata ile kidogo inayodaiwa hakuwa nayo. Siku moja akafika mheshimiwa mmoja na gari jeusi. Yunus akaacha mabegi ya wasafiri wote chini kwenye jua, akakimbia, akafungua buti mwenyewe, akatoa sanduku la ngozi, akalipandisha ndegeni kabla ya kitu kingine chochote. Sanduku likaenda Kinshasa. Mheshimiwa hakuwa msafiri. Alikuja kumsindikiza shangazi yake. Yunus alipofukuzwa alirudi nyumbani na hasira, na hasira si ya kazi. "Mutu mukubwa vile," aliniambia, "ni namna gani hasafiri?" Mpaka leo anaona kosa lilikuwa la yule mheshimiwa.

Bon. Huyo ndiye mtu ambaye hivi karibuni alijipa cheo cha mwenye boti.

Boti si yake. Niseme mapema, maana ukimsikiliza yeye utadhani aliichonga kwa meno. Ni mtumbwi mkubwa wa Khadija, wa mti mmoja mzima, wenye moteri nyuma na mbao tatu za kukalia. Kwa mtumbwi huo mdogo wangu amelea nyumba: anashuka na mto mpaka Basoko na chumvi, sabuni na vitenge, anapanda na samaki wa moshi na mihogo. Halafu mguu ukamshika, ukavimba, akakaa nyumbani misimu miwili. Mtumbwi ukalala libongo, pale mitumbwi yote inapofungwa, na Yunus akaona ulivyolala akapata wazo. Mji huu siku hizi una watu wa ofisi ambao Jumapili wanataka kuvua samaki bila kuwa na njaa. Wanakodi boti, wanapelekwa juu kidogo, moteri inazimwa, boti inaachwa ishuke yenyewe na maji, na wao wanateremsha ndoana mpaka chini wakingoja mbenga, yule samaki mwenye meno ya mbwa. Wakifika mbali, moteri inawashwa, wanarudishwa juu, wanaanza tena. Wanalipa ili wachomwe na jua. Mimi nimezaliwa ukingoni mwa mto huu na sikujua kwamba jua linauzwa.

Wateja wa Yunus walikuwa wanakuja mara moja. Mara ya pili, hapana. Hakuna aliyerudi, na Yunus alisema ni watu wasio na moyo wa mchezo.

Mguu wa Khadija ukapona. Akamwita mume wake sebuleni, na mimi nikiwa nimekaa, akamwambia: "Papa Djamila, sikiliza vizuri. Mimi narudi Basoko. Lakini sipendi useme nilikunyang'anya kazi. Jumapili hii una wateja. Wakishuka wakiomba wenyewe kurudi, mtumbwi unabaki kwako, mimi nitatafuta nafasi kwa boti za watu. Wasipoomba, Jumatatu napakia chumvi."

"Wataomba," Yunus akasema. "Huyu safari hii si mutu hivi hivi. Ni shefu."

"Na Yaya," akasema, akininyooshea kidole mimi dada yake, "atapanda pamoja nanyi."

Yunus alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu. "Yaya atafanya nini kwa boti?"

"Ataona," Khadija akasema. "Wewe ukirudi unaletaga hadithi. Yeye ataleta habari."

Ndivyo nilivyopanda, mwanamke wa umri wangu, na kiti changu cha plastiki na mwavuli. Nilitumwa kuwa na macho. Mdomo niliuacha Kabondo, na haikuwa rahisi.

Lakini kabla ya Jumapili niliona jinsi anavyotayarisha vyombo, na hapo ningeweza kutoa hukumu bila kulowesha sketi.

Marehemu mume wangu Moussa alikuwa mvuvi, na kwa uvuvi huu wa kushuka na maji alikuwa na sheria mbili ambazo hata mbuzi angezielewa. Ya kwanza: ndani ya mtumbwi mmoja uzito wote uwe sawa, ili nyuzi zote zishuke sawa na zitembee pamoja kama watoto wa shule. Uzito wenyewe unautafuta siku ile ile, kwa maji ya siku ile. Ugonge chini kidogo kidogo kama mgeni anayebisha mlango, usilale pale kama mlevi. Ya pili: jiwe lifungwe kwa kamba dhaifu, uzi wa rafia tu, na ndoana kwa uzi wenye nguvu. Jiwe likinaswa kwenye miamba, rafia inakatika, mto unachukua jiwe lake, wewe unabaki na ndoana yako. Moussa alitumia mawe ya mto na buji, zile plagi za pikipiki zilizokufa. Hakuwahi kulia juu ya jiwe.

Safari hii Yunus aliona haya kumpa shefu mawe. Alikusanya batri za magari mabovu, akazivunja uani, akatoa risasi, yale madini mazito ya kijivu, akaiyeyusha ndani ya sufuria ya Khadija. Khadija alipofika alikuta sufuria ya supu inachemka sumu. Aliichukua kwa tambara akaitupa nje ya ua na kifuniko chake, na majirani walisikia mambo ambayo sitayaandika. Lakini vipande vilikuwa vimekwisha kuganda. Yunus alivipanga kwenye kitambaa cheupe, akaniita nivisifu.

Kimoja kilikuwa kikubwa kama ngumi, kimemiminwa ndani ya kopo la nyanya. Cha pili kadiri ya yai. Cha tatu kidogo kama kidole gumba.

"Shemeji, huyu ni DG, mukurugenzi mukuu," akasema akinyanyua lile zito. "Ni ya shefu Zacharie. Hii ya katikati ni ya madame Odile, msaidizi wake. Hii kadogo ni ya shofa anayemwendesha."

Nilifikiri ananitania. "Unagawa uzito kwa cheo?"

"Sasa nigawe kwa nini?" Alishangaa kweli. "Shefu akute shofa wake ana risasi kubwa kuliko yake? Ni matusi, ile."

"Na umezifunga kwa nini?"

"Nailoni ile nzito ya kuvutia nyavu. Risasi kama hii haipotei hivi hivi. Nimeungua vidole."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wateja hawarudi. Kila Jumapili alikuwa amefanya hivyo hivyo, kwa mawe makubwa na madogo, kufuatana na viatu. Jambo moja tu ndilo alilolifanya vizuri: alikuwa amechukua waya wa freni za baiskeli akaufunga karibu na ndoana, maana mbenga anakata nailoni kwa meno. Hilo alifunzwa na Moussa, na alilikumbuka kwa sababu Moussa alimpigia kelele.

Jumapili wakafika. Shefu Zacharie alikuwa mtu wa Kinshasa aliyeletwa hapa kuongoza ofisi fulani, mwenye kofia ya kamba na kizibao cha mifuko mingi, na ndani ya mifuko hamkuwa na kitu. Madame Odile, wa Bukavu, alivaa viatu vyeupe. Shofa aliitwa Désiré, mtu mzima, mpole, aliyebeba kila kitu. Yunus alimpa shefu mikono miwili, Odile mkono mmoja na nusu, Désiré alipewa kiwiko.

Alianza kwa kuwakalisha: shefu mbele kabisa, ingawa mbele ndipo maji yanaporuka, madame katikati, shofa nyuma karibu na moshi wa moteri, na mimi karibu yake. Akagawa nyuzi zilizozungushwa kwenye vibao, kila moja na risasi yake. Shefu alipopokea DG mkono wake ulishuka mpaka gotini.

"Ah! Eza kilo! Iko nzito!" akasema, amefurahi. "Hii ni ya samaki mukubwa, eh?"

"Ni ya mutu mukubwa, papa shefu," Yunus akajibu, na wote wawili wakacheka kwa kuheshimiana.

Moteri ikazimwa, mtumbwi ukaanza kushuka. Nyuzi zikaingia majini. Kile kizito kikaanguka chini kama gunia na kukaa huko kikiburutwa nyuma. Cha katikati nacho kikalala chini, kikiburutwa karibu kidogo. Kile kidogo cha Désiré kikatembea vizuri, kikigonga, kikigonga. Hatukufika mbali uzi wa shefu ukaupitia wa madame chini kwa chini, ukausokota. Odile akavuta, akavua uzi wa bosi wake.

"Shefu, samahani, ni weye nimekamata," akasema.

"Kamata samaki, madame, si mimi."

Yunus akafungua fundo, jasho linamtiririka, akiomba radhi kwa niaba ya mto. Tukapandishwa tena juu, tukashuka tena. Nyuzi zikasokotana tena. Na wakati wanafungua, kule nyuma Désiré akavuta kimya kimya, akaweka ndani ya mtumbwi ngolo, kambare mnene mwenye sharubu. Alimfunika kwa kofia yake, kama mtu aliyeiba.

Lakini ngolo si mtu wa kufunikwa. Alipiga mkia, kofia ikaruka.

Shefu aligeuka. "Désiré. Iko nini?"

"Samahani, shefu. Amekuja mwenyewe."

Yunus alimtazama shofa yule kwa chuki ambayo hata mwizi wa mbuzi hatazamwi nayo. Akainama akanong'ona, lakini mimi nilikuwa karibu: "Weye, sasa unafanya nini? Unapenda kuniharibia boti?"

"Papa, si ni kuvua tulikuja?"

"Vua polepole!"

Safari ya tatu, Désiré akapata mwingine. Huyo alimrudisha majini bila kuambiwa. Nilimwona, naye aliniona. Mtu mwenye watoto nyumbani, anatupa mboga mtoni ili bosi wake asione haya! Hapo nilitaka kufungua mdomo, nikakumbuka kazi niliyotumwa, nikala kwanga yangu ya muhogo.

Yunus sasa alikuwa na hofu kweli. Jua limepanda, shefu amenyamaza, na shefu aliyenyamaza haombi kurudi. Mtu mwenye akili angebadilisha uzito. Yeye alifikiri, akaona kwamba shefu bado hajaheshimiwa vya kutosha. Akachukua uzi wa shefu, akaufunga kwenye ubao wa kukalia, fundo juu ya fundo. "Hivi, papa shefu, akija yule mukubwa, hata awe na nguvu namna gani, hatakunyang'anya."

Tukashuka safari ya nne, karibu na kile kisiwa cha majani ambapo chini yake, watu wote wa mto wanajua, kuna mwamba. DG akafika chini, akaburuta, akaingia kwenye ufa wa mwamba, akakaa humo kama mfalme kwenye kiti chake.

Mtumbwi ulisimama ghafla. Nailoni ikalia. Maji yakaendelea na safari yao, sisi tukabaki, tumefungwa kwa ubao, tukaanza kugeuka ubavu.

"Nakangi ye!" shefu akapiga kelele. "Nimekamata! Ni mbenga! Odile, piga foto!"

"Shefu, maji inaingia mu viatu!"

"Piga foto!"

Upande mmoja wa mtumbwi ulikwisha kunywa. Kiti changu cha plastiki kilielea. Mimi sijui kuogelea na sikukusudia kujifunza siku ile. Nikamtazama Yunus: uso wake umekuwa majivu. Alijua ni mwamba, hata yeye alijua. Kisu alikuwa nacho mkononi tayari. Na unajua alifanya nini, mtumbwi wa mke wake ukizama mbele yake? Aliinama kwa adabu, akasema:

"Papa shefu, naomba ruhusa ya kukata."

"Kukata nini? Weye iko mwenda wazimu? Samaki yangu!"

"Kidogo tu, papa shefu..."

"Ukikata, utanijua!"

Yunus alisimama hivyo, kati ya mto na cheo, na nawaambia ukweli, alikuwa anapima. Maji yalipofika kwenye ndoo ya chambo, ndipo akapiga magoti kama mtu anayekwenda kumshika shefu miguu asianguke. Mkono wake ukapita chini ya ubao. Nikaona kisu kinang'aa mara moja. Pwaa! Mtumbwi ukajinyoosha, ukaruka mbele.

"Amekata!" Yunus akalia kabla ya mwingine kupumua. "Papa shefu, samaki amekata uzi! Ah, mbenga! Ah, mushenzi ule!"

Shefu alikaa chini mzito. Akauvuta uliobaki, akautazama mwisho wake. Ulikuwa umekatwa safi, kama kitambaa dukani.

"Ona meno," akasema polepole. "Odile, ona hii. Ni kama wembe."

"Kweli, shefu," Odile akasema, akikamua soksi.

Désiré alitazama ule uzi, akanitazama mimi, akaanza kutoa maji kwa kopo.

Tulipofika libongo shefu alimpa Yunus mkono. Mikono miwili! "Jumapili ijayo," akasema. "Nitaleta wenzangu. Yule samaki ananijua sasa." Yunus alinigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Nilimkuta Khadija anapanga mifuko ya chumvi. "Waliomba kurudi?" akauliza.

"Waliomba."

Mikono yake ilisimama. "Basi. Neno langu ni neno." Akaanza kuirudisha mifuko ukutani. Niliona namna alivyoibeba, moja moja, na nikamwambia yote: ngolo wa shofa, mwamba, ruhusa ya kukata, kisu chini ya ubao. Akasikiliza bila kunikatiza. Yunus akaingia katikati ya hadithi.

"Papa Djamila. Ni kisu ao ni samaki?"

Wallahi hakupepesa. "Samaki."

Na hili ndilo lililonikasirisha kuliko maji: hakuwa anadanganya tena. Toka libongo mpaka Kabondo, juu ya pikipiki ya kukodi, alikuwa ameshaamini.

"Sawa," Khadija akasema. "Mtumbwi ni wako, kama nilivyosema. Lakini bado ni mti wangu, na sipendi ufungwe tena na samaki wa namna ile. Jambo moja tu. Kila mtu atakayepanda, uzito sawa. Sawa sawa. Na ufungwe kwa rafia, kama Moussa alivyofanya. Yaya atakuwa libongo kila Jumapili kuangalia. Unakubali?"

Jambo dogo. Mawe ya bure na kamba ya bure, na boti inabaki yake maisha. Hata mtoto angekubali kabla sentensi haijaisha. Yunus alikaa. Alitazama mikono yake iliyoungua.

"Shefu na shofa," akasema, "uzito moja?"

"Uzito moja."

"Mbele ya wenzake? Watatoka kwa ofisi zote, Khadija. Waone shefu anashika kitu sawa na shofa, watasema mimi ni mutu wa namna gani?"

"Watasema umewapa samaki."

Akatikisa kichwa, polepole, kwa huzuni kubwa. "Hapana," akasema. "Ile siwezi. Afazali upakie chumvi yako."

Khadija hakumwuliza mara ya pili. Jumatatu mtumbwi ulishuka Basoko. Juu ya turubai la chumvi, upepo usilichukue, alikuwa ameweka zile risasi mbili zilizobaki, ya madame kona moja, ya shofa kona nyingine. DG yuko mwambani mpaka leo.

Jumapili iliyofuata nilipita libongo kununua samaki wa mboto. Shefu Zacharie alikuwa pale na wenzake, wote na vizibao vya mifuko, wanangoja boti. Yunus aliwaambia imepelekwa kupakwa rangi. Wala hawakukasirika, shefu alikuwa ametoa kipande cha nailoni mfukoni, kile kile, na anawaonyesha kila mmoja palipopita meno. Désiré alikuwa kando, ameegemea gari. Na jua lilikuwa kali, kwa hiyo Yunus alikuwa amemshikia shefu mwavuli, mwavuli wangu, niliousahau mtumbwini, ameushika kwa mikono miwili.